Jicho la Pili na Ukurasa Mweupe: Maneno ya Mzee Timazi kwenye Ufunguzi wa Tovuti ya Hospitali

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa wajumbe wa Bodi mliokalia viti vyenye mito, wauguzi na makarani mliosimama kwa sababu viti vimekwisha, wagonjwa wenzangu, ndugu mliosindikiza wagonjwa, na wewe mke wangu uliye safu ya mbele na miwani yako nyeusi kama mpelelezi: nawasalimu wote, na kila mmoja achukue salamu yake kwa kimo cha cheo chake, zisigombaniwe.

Nimealikwa kusema kwa niaba ya wagonjwa kwenye ufunguzi huu wa tovuti mpya ya hospitali. Nimepewa dakika tano. Nimepewa na karatasi pia, imeshachapwa kwa mashine, inayosema kwamba wagonjwa wana furaha isiyo kifani na wanaishukuru Bodi kwa kuwaletea maendeleo. Nimeisoma yote. Ni karatasi nzuri, nene. Meza hii ilikuwa inayumba, basi nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa kushoto, na mnaona wenyewe glasi ya maji imetulia. Karatasi yenu haikupotea bure.

Nitakayosoma ni haya yangu, niliyoyaandika kwa mkono huu, kurasa tisa za daftari, penseli mbili zimeisha. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na mbili, kwenye darasa la watu wazima, nikakimaliza kitabu cha kwanza kwa wiki tatu wakati wenzangu bado wanahangaika na a, e, i. Mwalimu wetu alisema hajapata kuona mwanafunzi kama mimi. Alisema hivyo kwa sababu nyingine pia, lakini hiyo tuiache.

Wasionijua, mimi ndiye Mzee Timazi. Jina hili nililipata kazini, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma inayomwonyesha mwashi kama ukuta umesimama au umelala. Ukumbi huu mliomo nimeujenga mimi. Kulikuwa na mafundi wengine, sikatai, walinisaidia. Timazi ninayo mfukoni hadi leo, na yeyote anayebisha aje apime ukuta ulio nyuma ya Mheshimiwa Mkurugenzi. Akikuta umeinama hata kwa unene wa kucha, nakaa chini na hamtanisikia tena. Hakuna? Basi naendelea. Na jambo moja mlishike: kwa miaka arobaini ya kazi, nikisimama mbele ya ukuta wa fundi mwingine, neno "umenyooka" limenitoka mara mbili tu. Wa kwanza alilia.

Sasa tuingie kwenye kilichonileta.

Mwaka jana hospitali hii ilifunga dirisha la miadi la kliniki ya macho. Likabandikwa bango: miadi yote sasa ni kwa tovuti. Naomba kuuliza, waheshimiwa, na anayejua anijibu: katika madirisha yote ya hospitali hii, la meno, la mifupa, la masikio, ni nani aliyefikiri kwamba la kwanza kufungwa liwe la watu wasioona, kisha hao hao waambiwe wakasome kwenye kioo cha simu? Sikusema neno siku ile. Nilisema, lakini kidogo, na mlinzi alinitoa kwa adabu.

Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amefika mahali anaingia chumbani na kulisalimia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango. Nikamwambia, "Mama watoto, hilo ni koti." Akasema, "Najua, lakini lina usikivu kukushinda." Watu wanacheka. Mimi sikucheka. Anayemwona mwenzake anapapasa meza ya nyumbani kwake mwenyewe, meza aliyoifuta kwa miaka thelathini na minane, hacheki.

Basi nikakaa na simu yangu, nikaandika jina la tovuti kama lilivyo kwenye bango, herufi kwa herufi. Ukurasa ukafunguka. Mweupe. Mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Nikangoja. Mimi ni mtu wa zege, najua kungoja kitu kikauke. Nikangoja mpaka chai ikapoa, na ukurasa ukabaki mweupe, isipokuwa juu kabisa palikuwa na mstari mmoja mdogo wa Kiingereza. Kiingereza sikijui, na sijakikosa. Nikachukua penseli nikaunakili mstari ule herufi kwa herufi, nikavaa viatu, nikaja nao hapa mapokezi.

Karani aliyekuwepo, naye yupo leo, pale kwenye nguzo, asijifiche, aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "dawa hii umeandikiwa na daktari gani?"

"Si dawa, mwanangu. Hiyo ndiyo tovuti yenu. Nimeinakili yote."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akasoma, akasema, "Inakuambia uwashe Javaskripti."

"Niiwashe wapi? Ukutani?"

"Kwenye simu, mzee. Simu yako ndiyo mbovu. Ya kwako ni ya siku nyingi."

Ndugu zangu, hapo ndipo safari ya danadana ilipoanza. Leo naambiwa zima simu uwashe. Kesho naambiwa futa kumbukumbu. Kesho kutwa naambiwa mzee jaribu simu ya mjukuu, kana kwamba mjukuu ndiye mwenye mtoto wa jicho. Nilizima na kuwasha simu ile mpaka kitufe chake kikalegea kama jino la mtoto wa miaka sita. Na kila niliporudi niliambiwa kosa ni la simu, au la mtandao, au la umri wangu. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba labda, labda tu, kosa ni la ukurasa. Nyumba ikivuja mnamlaumu aliyelowa?

Baada ya mwezi mzima nikafungua tena, na siku hiyo, lo! Fomu imetokea. Wametengeneza! Nikafurahi, niseme kweli, nikampigia kelele mama watoto aje aone, kisha nikakumbuka. Nikajaza jina lake, umri wake, namba ya faili lake, nikachagua Jumanne ya wiki iliyofuata. Chini pana kitufe kimeandikwa Tuma. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nilibonyeza mara kumi na moja, na ukurasa haukukohoa wala haukujikuna.

Sasa mimi, nyumbani kwangu, nikisema jambo na watu wakanyamaza, maana yake wamekubali. Ndivyo nilivyozoea. Nikaona basi, hospitali imekubali.

Jumanne mke wangu akavaa gauni lake la bluu, lile la kufungia mwaka. Nikamshika mkono, tukapanda gari, tukashuka, tukapanda lingine, tukafika hapa saa moja na nusu asubuhi. Karani akapitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Mama hayumo, mzee."

"Hayumo vipi? Nimetuma mara kumi na moja!"

"Hakikuja hata kimoja."

Mke wangu alikuwa amesimama pale na mkoba wake, anatazama upande ambao hapakuwa na mtu, anatabasamu, kwa kuwa alidhani daktari keshafika. Tukarudi nyumbani. Njia nzima hakunisema. Angenisema ningepata nafuu.

Siku ile ile nikaenda kwa fundi simu wa mtaani kwetu, yule mwenye meza nje ya duka la vioo. Nikamtupia simu mezani. "Nani amezima Javaskripti yangu?"

Akanitazama. "Si wewe mwenyewe uliyetaka, mzee? Nilikuzimia mimi mwaka juzi. Umesahau ulivyokuja hapa unatweta?"

Nikakumbuka. Mwaka juzi simu ile ilikuwa haishikiki. Nikifungua habari za mpira, wanaruka wanawake wasio na nguo za kutosha, wananiita kwa jina la mji wetu. Mke wangu, siku hizo bado anaona kidogo, akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, hawa ni kina nani, na wewe wamekupataje?" Nikaenda kwa fundi mbio. Naye akanieleza kwamba Javaskripti ni maagizo ambayo ukurasa unaipa simu yako, fanya hivi, rusha kile, fungua hiki, na simu inatii bila kukuuliza mwenye nyumba. Akaizima. Wanawake wakaondoka. Simu ikawa nyepesi, bando likawa linamaliza mwezi, habari zinafunguka kabla sijavaa miwani. Nyumbani kukawa na amani.

"Niiwashe?" fundi simu akaniuliza.

Hapa, ndugu zangu, ndipo mimi na nyinyi tulipoachana njia. Nikamwambia usiguse. Benki inafunguka hivi hivi. Gazeti linafunguka. Hospitali, ambayo watu wanaijia wakiwa na maumivu, ndiyo inayotaka kwanza niirudishie simu yangu kichaa chake ndipo inipokee? Nikasema siwashi. Nikamwambia na mke wangu, siwashi. Hospitali hii nimeijenga mimi. Haiwezi kunifungia mlango niliousimamisha kwa mikono yangu.

Mke wangu akasema, "Washa tu, mzee. Washa, nipate siku, halafu uzime."

Nikasema, "Ni suala la msimamo."

Wiki sita. Wiki sita nilikuja hapa na msimamo wangu, nikaondoka nao. Na hili nitalisema mbele yenu kwa kuwa aliyeko safu ya mbele atanisema nisipolisema. Wiki ya sita, saa nne asubuhi, mke wangu alikuwa anamimina maji ya chai. Aliyamimina pembeni ya kikombe. Yakaingia mkononi, mkono wa kushoto, kuanzia hapa mpaka hapa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, kikombe kimehama."

Hapo nilikosea. Haya, nimesema. Sitarudia.

Nikamfunga mkono kitambaa, nikaondoka na hasira mpaka nikasahau simu mezani. Nikaja hapa, sikupita mapokezi. Nikauliza kila mtu, aliyejenga ukurasa anakaa wapi? Nikatarajia ghorofa ya juu, vioo, watu kumi wenye tai. Nikaonyeshwa kijumba nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Humo joto, mvuke, harufu ya sabuni, na mama mmoja tu mbele ya kompyuta, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anapekua meza nzima kuitafuta.

"Iko kichwani," nikamwambia.

"Shikamoo, mzee wangu. Asante."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyejenga ukurasa mweupe?"

"Uliachwa na kampuni, baba. Mimi nimeajiriwa kuutunza."

"Na nani alikuambia kwamba mimi nimewasha Javaskripti?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye kazi nyingi. "Siku hizi kila mtu ameiwasha."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu, baba. Ila wa aina yako ni wachache mno. Hawafiki hata mmoja kwa mia."

"Umewahesabu?"

"Kuna kihesabio kwenye tovuti. Kinahesabu kila anayeingia."

"Kinahesabu kwa kutumia nini?"

Akakigeukia kihesabio anionyeshe. Akakifunga. Akaivua miwani ambayo ndiyo kwanza ameivaa, akasema taratibu, "Kwa Javaskripti."

Nikakaa juu ya furushi la mashuka. Nikamwambia, "Mwanangu, yaani umefunga mlango, umebaki sebuleni, halafu unahesabu waliomo ndani ili ujue wangapi wako nje?"

Waheshimiwa, nimewahi kubishana na wahandisi, madiwani, na mtu mmoja aliyedai mchanga wa pwani unafaa kwa zege. Wote walibisha mpaka jioni. Yule mama hakubisha. Aligeuka, akafungua daftari lingine ndani ya mashine, lile la seva, mashine kuu ya tovuti, linaloandika kila anayebisha hodi hata kama hakuingia. Akasoma kwa muda. Chumba cha pili mashine za kufulia zinanguruma. Kisha akasema, "Mwezi uliopita peke yake, mara mia mbili na kumi na nne fomu imefunguliwa na maagizo ya Javaskripti hayakuchukuliwa, au yalikatika njiani. Na baada ya hapo, hakuna kitu."

"Thelathini na tisa ni mimi," nikasema. Mimi ni mkweli.

"Nikikutoa wewe, mia na sabini na tano."

"Wote wabishi?"

"Hapana, baba," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Wengine wameiwasha kabisa. Haikuwafikia tu."

Akanionyesha, na waliotambulika akawapigia simu. Kulikuwa na muuguzi wa zahanati ya mbali huko, mtandao wao mwembamba, ukurasa unafika na maagizo yanakatika katikati, na yeye ameketi na foleni ya wazee wenye mtoto wa jicho anawaombea miadi mmoja mmoja, anabonyeza Tuma, anawaambia nendeni mtaitwa. Wameitwa na nani? Kulikuwa na ofisi ambayo kompyuta zake zote zimezuiwa Javaskripti na mkubwa wao kwa usalama. Kulikuwa na simu za zamani kuliko yangu, na nilidhani hakuna. Watu hawa hawana timazi mfukoni wala hawana mdomo kama wangu. Waliona ukurasa mweupe, wakadhani ni wao wabovu.

Hilo ndilo linalonichoma, waheshimiwa. Mimi nikifungiwa mlango napiga teke. Mwingine anauomba mlango radhi na kurudi nyumbani.

Nilipofika nyumbani jioni ile, kifua mbele, nikamweleza mke wangu nilivyomaliza kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miadi yangu ni Jumatano ijayo." Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni ukali wangu. Nilidhani nimewatetemesha mpaka wametoa siku. Mwezi mzima nilijisifu mtaani, kwenye kinyozi, kwenye duka la vioo, mpaka siku moja fundi simu akanihurumia, akaniambia. Siku ile ile nilipoondoka na hasira nikaacha simu, mke wangu aliichukua kwa mkono mzima, akapapasa kuta za nyumba za watu mpaka kwenye meza ya fundi huyo, akamwambia, "Mwanangu, washa hicho kidude, niombee siku, halafu kizime kama kilivyokuwa, mwenyewe asijue."

Nikaenda kumuuliza. Hakukana. Alisema, "Jicho ni langu, msimamo ni wako. Kila mtu alishughulikia cha kwake."

Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji, na hapa nawashukuru madaktari bila utani wowote. Walipofungua bandeji, kitu cha kwanza alichokiona duniani ni mimi. Akanitazama kwa makini akasema, "Kumbe umezeeka hivi?"

Sasa nimsifu mtu, kwa kuwa nimeona kwenye karatasi iliyo chini ya mguu wa meza kwamba imeshukuriwa Bodi, imeshukuriwa kampuni, limeshukuriwa hata turubai la nje, na mama wa chumba cha kufulia hakutajwa. Yuko wapi? Yule kule mlangoni. Ameshika waya. Siku ya sherehe yake mwenyewe mmempa kushika waya.

Mama huyu alikwenda kwa wakubwa akaomba kuijenga fomu upya. Akaambiwa inatosha, watu wachache hao wawashe tu. Akaomba tena. Nilimsindikiza mara ya tatu, nikakaa mlangoni na timazi, bila kusema chochote, nikiining'iniza tu. Akaruhusiwa. Miezi miwili nimekuwa nikipita kukagua kazi, hakuniomba, lakini kazi bila mkaguzi si kazi. Na nilichokiona ni hiki. Kampuni ile ilianza na rangi. Walileta kalenda inayochezacheza, picha zinazoteleza, vitu vinavyong'aa, na ndani hamna tofali. Rangi ikibanduka, nyumba yote imeondoka. Huyu alianza chini. Fomu tupu, jina, namba ya faili, jicho lipi, siku ipi. Ukibonyeza Tuma, inakwenda yenyewe mpaka kwenye seva, na seva inakurudishia ukurasa wa majibu, bila kuiamuru simu yako kufanya kiinimacho chochote. Kisha, ukuta uliposimama, ndipo akapaka hiyo Javaskripti juu yake, kwa wenye nayo, wapate kalenda yao inayochezacheza. Ikikosekana, rangi tu ndiyo imekosekana.

Nilimuuliza, "Ngumu?" Akasema, "Si ngumu, mzee wangu. Ni kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza."

Najua mnachonong'ona huko nyuma. Mnasema mzee huyu anapigania simu yake. Niwakumbushe lango la jengo hili. Kwenye ramani ya mhandisi palikuwa na ngazi tu, ngazi tisa. Mimi nikamwaga zege la mteremko pembeni, wa kupitisha viti vya magurudumu. Mhandisi akanifokea mbele ya vibarua. Akasema wa viti vya magurudumu ni wachache, nimepoteza saruji. Wiki tatu baadaye ikaletwa mashine ya eksirei, nzito kama ng'ombe wanne. Ilipita wapi? Tangu siku ile, hebu simameni langoni mhesabu, na msihesabu kwa Javaskripti: mama mwenye mtoto mgongoni, mtu wa mikokoteni, daktari aliyechelewa, nani anapanda ngazi?

Sasa narudi kwa mke wangu, maana jambo la leo ni lake. Jicho la kushoto bado. Daktari amesema wakati wake umefika, lisingoje, na miadi inafunguliwa leo kwa tovuti hii mpya. Jana nilimwambia, mama watoto, nitaomba mimi, kwa simu yangu, Javaskripti imezimwa, mbele ya watu wote. Akakataa. Alisema ataomba yeye. Na akaweka sharti: ukurasa ukigoma, simu inawashwa Javaskripti hapa hapa ukumbini, inabaki imewashwa mpaka nife, na mimi neno hilo silitamki tena nyumbani kwake. Nikakubali. Nililala vibaya, lakini nilikubali.

Kwa sababu hiyo nimeandika miisho miwili ya hotuba hii. Mmoja uko mfuko wa kulia. Mwingine uko mfuko wa kushoto, nao ni mrefu, na una majina ya vyeo vyenu.

Mama watoto, simama. Simu hii hapa. Mheshimiwa Mkurugenzi, samahani, sogea kidogo, wewe ndiye shahidi. Hapa pameandikwa nini? Soma kwa sauti. "Javaskripti." Na mbele yake? "Imezimwa." Mmemsikia, amesoma mwenyewe, sijamshika mkono.

Haya, mama. Jina. Namba ya faili, usiharakishe. Jicho, gusa la kushoto. Siku yoyote watakayokupa. Sasa Tuma. Mara moja, mama, mara moja tu.

Tulieni huko nyuma. Mama wa waya, acha kufumba macho.

Imebadilika? Kuna maandishi? Hapana, usinipe mimi. Mimi nina miwani mbaya leo. Soma wewe.

Mmesikia? Au hamjasikia, kwa kuwa sauti yake ni ndogo? Narudia kama alivyosoma: "Ombi lako limepokelewa. Jicho la kushoto. Jumatatu, saa mbili asubuhi. Fika bila kula." Amesoma yeye. Mstari mzima, herufi ndogo zile, kwa jicho moja. Mwaka jana alikuwa anasalimia koti.

Nipeni dakika. Ni vumbi. Ukumbi huu niliujenga vizuri, ila nyinyi hamfagii.

Karatasi ya mfuko wa kulia hii hapa. Ina neno moja, na ni la mama aliyeshika waya. Fundi mwenzangu: umenyooka.

Ya mfuko wa kushoto siichani. Nimesikia kwamba mwakani kuna watu wanataka kuleta ukurasa mwingine, wenye kung'aa zaidi. Ileteni. Mimi karatasi yangu naiweka juu ya kabati nyumbani, na timazi juu yake isipeperuke. Mke wangu sasa anajua ilipo, na anaweza kuisoma.

Nawashukuru kwa masikio yenu, hata ya wale waliokuwa wakitazama saa. Mke wangu ananinyooshea kidole nikakae, na safari hii kidole chake kinaelekea kwenye kiti kweli. Naenda kukaa.